Kulabu Tatu

Mama yangu Bogumiła alikagua vitambaa
miaka ishirini na sita, kiwanda cha pamba, hapa Łódź.
Uzi uliolegea aliujua kwa kidole, macho kafumba,
na hakuwahi hata siku moja kujipima mwenyewe.

Themanini na tano B. Namba hiyo alipewa
mwaka niliozaliwa mimi,
na muuzaji aliyemtazama kwa mbali, juu ya koti.
Akaishika kama jina la ubatizo.

Niligundua Jumapili, nikimvua sweta
baada ya kuteleza kwenye barafu na kuteguka bega:
mifereji miwili myekundu mabegani
kama reli za tramu,
na nyuma, ukanda umepanda hadi kwenye makombe ya bega,
umeshikizwa pini.
"Bado nzima," akasema.
Nzima ipi, Mama? Kizima hapo ni pini.

Wiki mbili za ubishi.
Nikasema mgongo utapata nafuu.
Akasema mgongo wake uliharibiwa na mashine, sidiria isisingiziwe.
Nikasema nitalipa mimi. Akanuna.
Nikasema tukitoka tutapitia keki ya mbegu za mpopi.
Akavaa kofia.

Duka la Bi Halszka liko uani, nyuma ya fundi viatu.
Kabla ya kumgusa
aliipasha moto mikono yake kwenye rejeta.
Jambo dogo. Lakini Mama aliliona,
nami nikamwona akiliona.

"Inua mkono, pale bega linaporuhusu."
Futi ikazunguka chini ya matiti: sabini na mbili.
Ikazunguka kwenye kilele: tisini na tatu.
Akatazama dari kama anayehesabu chenji.
"Sabini F."
"F!" Mama akaruka. "F ni ya waimbaji wa opera!"
"F ni herufi tu, bibi. Huja baada ya E."

Nilibaki nje ya pazia, nimekumbatia makoti.
Kwenye mwanya niliuona mgongo wake,
mweupe, wenye madoa niliyokuwa nikiyahesabu
nilipokuwa nalala nyuma yake, na homa, na miaka minne.
Tangu Baba afariki hakuna aliyeugusa
ila daktari, na daktari huvaa glavu.

"Inama. Jaza kikombe. Sasa chota kutoka kwapani, lete mbele.
Hayo unayoyaita mafuta ya mgongo
ni titi, bibi, lililohama kwa kukosa nyumba."
Kimya.
Kisha kicheko, kile cha kiwandani,
kilichozoea kushindana na mashine mia mbili.

Akaijaribu moja, akaivua, akaigeuza ndani nje.
"Mshono huu nani kaushona? Sindano imeruka mara mbili."
Bi Halszka akavaa miwani.
Vichwa viwili vya mvi chini ya taa moja,
wakaisema lesi, wakamsema aliyeikata,
nami nikasahaulika na makoti yangu.

Ya saba ilikuwa rangi ya njiwa, kulabu tatu.
Akarudishia blauzi, na blauzi ikapwaya tumboni;
kiuno kikatokea, nilichokijua
kwenye picha za arusi tu.
Hakusema amependeza.
Alisema, "Napumua."

Kisha akanigeukia na jicho lile la kukagua jora,
akanitazama mbele, akanizungusha.
"Na wewe, Jagna, ukanda umekupanda mgongoni.
Unanileta mimi! Ingia."
Akayachukua makoti.
Nikaingia. Bi Halszka akarudi kwenye rejeta,
akaipasha mikono upya.

Usiku nilimkuta mezani na mkasi,
anaing'oa ile ya zamani kulabu zake, moja moja,
anazidondosha kwenye kopo la vifungo.
"Kulabu hazina kosa," akasema,
ameketi wima,
makombo ya mpopi kidevuni.